Daftari la Saudia

Ni daftari la kurasa 64, lile la jalada la buluu. Mwenyewe, dada mmoja wa huku kwetu Molo, aliliandika Nakuru akisomea kazi za nyumbani kabla ya kuenda Saudi Arabia. Lililowa kwa mvua ya Turi, wino ukasambaa, akanilipa soo mbili nimnakilie jipya. Nimelisoma mara tatu sasa na naona linastahili uhakiki kuliko riwaya nyingi ambazo nimewahi kuombwa nizisifu. Riwaya mbaya unaiweka chini tu. Hili linapanda ndege Alhamisi.

Tuanze na mwandishi, maana si yeye. Aliyoyaandika ni ya ubaoni, na ya ubaoni yametoka kwa mtaala, na mtaala umetoka kwa historia fulani. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za ajenti 930 na kusimamisha kupeleka wafanyakazi wa nyumbani Mashariki ya Kati. Mwaka 2017 mlango ukafunguliwa tena, na mafunzo kabla ya safari yakawa sharti mojawapo: usome, ufanye mtihani wa NITA, ndipo uondoke. Kwa hivyo hata kama mwandiko ni wa msichana wa Molo na tahajia ni yake, sauti ni ya ofisi. Lisomwe hivyo.

Na ofisi ikitaka, inajua kuandika. Ukurasa bora kabisa ni ule wa uwanja wa ndege. Fika masaa manne mapema. Usibebe mzigo wa mtu, hata akilia. Kadi ya njano ikae kwa mkoba wa mkono, si kwa sanduku. Ukishuka Doha usifuate watu, fuata namba ya geti, na namba ikibadilika soma ubao tena. Hakuna neno la ziada. Kila sentensi inajua kitu kinaweza kuharibika wapi na inakuambia mkono wako ufanye nini kikiharibika. Kurasa za mashine ya kufua na za pasi ni hivyo hivyo. Mtu ambaye maisha yake yote amefulia kwa beseni, kwa maji ya Molo yanayouma vidole, anahitaji kuambiwa hasa ni kitufe gani.

Halafu tunaingia ndani ya nyumba ya mwajiri na lugha inageuka. Hapo hakuna tena "kikiharibika fanya hivi". Kuna uvumilivu. Nimelihesabu neno hilo: mara 14 katika kurasa tisa, bila kuhesabu subira, ambayo ni dadake. Madam akifoka, vumilia. Chakula kikichelewa, vumilia. Mshahara ukichelewa, zungumza kwa heshima, na uvumilie. Usitazame mume wa madam usoni. Siri za nyumba ni siri za nyumba. Kumbuka kilichokupeleka.

Utanzu huu naufahamu, na wewe pia unaufahamu. Ni mawaidha ya bi harusi. Kielelezo chake kikuu katika Kiswahili ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mnamo 1858 na mama mgonjwa kwa ajili ya bintiye, kumfundisha adabu, dini na namna ya kuishi na mume. Wahakiki wamebishana sana kama utendi ule unamfunga binti au unampa werevu wa kujitawala chini ya pazia la utiifu. Mimi niko na hawa wa pili, angalau nusu. Lakini hata ukiusoma kwa ubaya wote, kuna jambo moja huwezi kulikana: anayeshauri anampenda anayeshauriwa. Mama anaogopa kufa akimwacha mtoto peke yake, na hofu hiyo iko katika kila ubeti. Pia desturi ya pwani haikuishia kwenye maneno. Kungwi aliyemfunda mwari hakumuaga mlangoni, alienda naye. Akiumia, kuna mtu mzima karibu wa kumwambia.

Daftari limechukua mawaidha na kumwacha kungwi. Mwalimu anabaki Nakuru na darasa linalofuata. Namba ya ubalozi wa Kenya kule Riyadh imo, ukurasa wa 51, pembeni, kwa penseli, kama kitu kilichotajwa watu wakishafunga mabegi. Nilimuuliza dada kama waliigiza kuipiga. Wakati wa maigizo, akasema, mwalimu ndiye alikuwa madam kila siku na wao wafanyakazi. Hakuna siku mtu aliigiza afisa wa ubalozi, au ajenti aliyezima simu. Ningekuwa nahakiki tamthilia ningesema wahusika wawili muhimu wamesahauliwa.

Kwa nini nalikaza hivi daftari la mtu? Kwa sababu mwaka 2021 Katibu wa Wizara ya Mambo ya Nje, Macharia Kamau, aliwaambia wabunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamekufa Saudi Arabia katika mwaka huo na uliotangulia, wengi wakiandikiwa kwamba moyo ulisimama. Yeye mwenyewe hakuamini kwamba vijana wote hao mioyo yao ilisimama tu. Mei 2025 Amnesty International wakatoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wanawake Wakenya zaidi ya 70 waliofanya kazi huko. Wanasimulia kazi isiyo na siku ya mapumziko, pasipoti zilizofichwa, njaa, kupigwa, na simu iliyochukuliwa siku ya kwanza. Mtaala unajua haya yote. Hauwezi kuwa haujui. Umechagua kuyajibu kwa sifa ya moyo badala ya hatua.

Ukurasa ulionikalisha ni wa 44. Kuna mfano wa ujumbe wa kutuma nyumbani: nimefika salama, kazi ni nzuri, watu ni wazuri, msijali. Ameunakili kabla hajaondoka. Katika filamu ya Ousmane Sembène ya 1966, La Noire de..., Diouana anatolewa Dakar kwenda kufanya kazi Antibes. Barua ya mamake inafika, mwajiri anamsomea, kisha anaanza kumwandikia jibu lake, kwa jina lake, maneno ambayo hajayasema. Diouana anairarua barua ya mamake. Sembène alihitaji mwajiri Mfaransa na kalamu ili kumwandikia mwanamke barua ambayo si yake. Sisi tunafanya hapa hapa Nakuru, na karo inalipwa.

Kuna orodha ya Kiarabu mwishoni. Taali, njoo. Ruhi, nenda. Jibi, lete. Nadhifi, safisha. Ni amri za kusikia, zote. Za kujibu ni tatu: hadhir, tamam, ana asifa. "Ana" ni mimi. Katika orodha yote "mimi" inatokea mara moja tu, ikiomba msamaha.

Na hapa mtaala umepoteza utajiri uliokuwa mezani. Msemaji wa Kiswahili hafiki Riyadh mtupu. Haki ni haqq. Ruhusa ni rukhsa. Dawa ni dawa, saa ni saa, na sita, saba na tisa zinasikika bila mkalimani. Mkataba wa dada unasema riyali 900 kwa mwezi, karibu shilingi 31,000. Tisa na mia anazo tangu nasari. Mwezi kwa Kiarabu ni shahr, na ndani ya neno letu mshahara mwezi huo umekaa tangu zamani. Mkataba wenyewe kule ni aqd, neno lile lile ambalo pwani hufungia ndoa, akdi. Walimfunda kama bi harusi kwa kurasa tisa na hawakumpa hata jina la karatasi aliyotia sahihi.

Nimenakili orodha yao kama ilivyo, maana ndiyo niliyolipiwa. Chini yake nimeacha mstari mmoja na kuanza yangu: haqq, haki. Rukhsa, ruhusa. Aqd, mkataba. Shahr, mwezi. Tis'u mia, mia tisa. Abgha, nataka. Dada ameyasoma kwa sauti, "abgha" ikamkwama kooni, akauliza gh hiyo ni kama ya ghali ama ya gari.