Fundi wa Mrija wa Klachi

Porsche 914 ilitengenezwa Ujerumani kuanzia 1969 hadi 1976, zao la ushirikiano wa Porsche na Volkswagen, na bodi zake zilitoka kwa Karmann mjini Osnabrück. Injini imekaa nyuma ya viti, na giaboksi iko nyuma yake tena. Kwa hiyo agizo la mguu wa dereva lina safari ndefu. Waya wa klachi hutoka kwenye pedali, huingia katika mrija mwembamba wa chuma uliofichwa ndani ya handaki la bati katikati ya sakafu, hutokeza ukutani nyuma ya viti, hupita kwenye kapi, ndipo uifikie klachi.

Mrija huo una kona, na waya unaovutwa hutaka kunyooka. Kila klachi inapokanyagwa, waya huusukuma mrija ubavuni, na kinachouzuia ni viungo vichache tu vilivyochomelewa ndani ya handaki tangu kiwandani. Miongo ya foleni huvichosha. Kiungo kikiachia, mrija hucheza, na nguvu iliyokusudiwa kuiachanisha klachi huishia kuuyumbisha mrija. Pedali hulegea, gia husaga meno, na mwenye gari hununua waya mpya, kisha mwingine, ilhali waya hauna kosa.

Fundi ninayemvulia kofia hakimbilii spana. Humwomba mtu akanyage pedali, naye akalala chini ya gari na tochi, macho kwenye ncha ya mrija. Waya ukitembea peke yake, mrija ni mzima. Vikitembea vyote viwili, jibu limepatikana, nalo ni zito, kwa sababu sasa itabidi kukata bati zima lisilo na dosari.

Wapo wanaoibana ncha ile kwa kibanio na kuliacha gari liende. Aliyekwama njiani simlaumu. Ila kazi hiyo isiitwe matengenezo.

Tangi la petroli liko mbele na injini iko nyuma, kwa hiyo mipira ya mafuta nayo hupita ndani ya handaki lile lile. Ya kiwandani ilikuwa ya plastiki, na plastiki ya umri huo hukauka ikapasuka. Ndiyo maana kabla ya moto wowote fundi humwaga petroli, huchomoa mipira, hutenganisha betri, hung'oa viti na zulia, hutoa waya wa klachi na chuma kirefu cha gia, kisha huliacha handaki lipigwe na hewa mpaka harufu iishe kabisa. Siku nzima inaweza kupita bila cheche hata moja kuruka. Kwangu mimi siku hiyo ndiyo kilele cha ufundi wenyewe, kwani kuchomelea wanajua wengi. Kujizuia wanajua wachache.

Kujizuia huko huonekana tena anapokata. Paa la 914 huondolewa, hivyo sakafu na handaki hubeba sehemu kubwa ya uimara wa bodi. Dirisha analolifungua ubavuni mwa handaki ni dogo, la kupitisha moto na jicho tu, na pembe zake huziviringisha, maana ufa hupenda kona kali. Hukwangua kutu hadi chuma king'ae. Huurudisha mrija kwenye njia yake, kisha huchoma nukta moja, husubiri ipoe, ndipo achome nyingine. Ukuta wa mrija ni mwembamba. Moto ukizidi utautoboa, na donge la chuma lililogandia ndani litaukata waya uzi baada ya uzi. Kwa hiyo hupitisha waya na kuuvuta huku na huku kabla hajafunga chochote, akisikiliza kwa vidole kama kuna mahali unapokwaruza.

Pale kona inapoanzia huongeza kishikizo kidogo cha bati, kwa kuwa ameona kwa macho yake nguvu inaelemea wapi. Hapo ndipo huliziba dirisha kwa bati la unene ule ule, hupuliza dawa ya kutu ndani, huingiza mabomba ya petroli ya chuma cha pua mahali pa ile plastiki, na kukaza nati ya waya mpaka pedali ibaki na mchezo kidogo juu kabla haijaanza kubana.