Pwani Siyo Mstari: Rufiji Juu ya Meza

Ukitafuta namna ya kutengeneza pwani kwa ajili ya michezo ya vita vya majini, ile ya meli ndogo za mfano juu ya meza, maelekezo mengi yanafanana: kata povu gumu, lipake kahawia na kijani, liweke juu ya kitambaa cha bluu, basi, kisiwa tayari. Kinapendeza, sikatai. Ila kwa pwani yetu kinapotosha. Na huku Maretadu, Mbulu, ambako wengi hawajawahi kuiona bahari, mtu ataikariri meza hiyo kama jiografia.

Chukua delta ya Rufiji. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza huko Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha kwenye delta, mabaharia wakaifunika kwa matawi. Ilihitaji kina cha zaidi ya mita 5. Meli kubwa za Waingereza zikabaki nje, mafungu ya mchanga yamezizuia. Julai 1915 zikaletwa Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili, zinazoelea kwenye maji yasiyofika mita 2. Hizo ziliingia mtoni zikapiga shabaha wasiyoiona, ndege ikiwaeleza makombora yanaangukia wapi. Tarehe 6 walishindwa. Tarehe 11 Königsberg ikaishia hapo.

Sasa niambie, kwenye kisiwa cha povu hayo yote yangetokea wapi? Ukingo wa povu unasema hapa nchi kavu, hapa bahari. Rufiji ina mikoko: maji yakijaa inasimama majini, yakipwa inasimama kwenye tope.

Piga hesabu kwa skeli ya 1:1200. Königsberg, mita 115, inakuwa kama sentimita 9.6. Mkoko wa mita 12 ni sentimita 1. Maji yakipanda mita 3 wakati wa bamvua, ni milimita 2.5 tu, kitu ambacho rangi nene inaweza kukifuta. Halafu umbali wa kupigana, tuseme kilomita 9, unataka mita 7.5, yaani darasa zima! Wachezaji huufupisha umbali bila aibu. Basi kwa nini kimo kisikuzwe?

Wanasayansi walishafanya hivyo. Mwaka 1885 Osborne Reynolds alitengeneza mfano wa mdomo wa mto Mersey (ndio, mto ulioipa jina ile meli) akakuza kimo zaidi ya mara 30 kulinganisha na urefu. Bila hivyo maji yangekuwa utando tu.

Kwa hiyo povu liache. Tumia kadibodi ya maboksi, tabaka tatu: mkondo wenye kina, fungu, tope la mikoko. Mikoko ikatwe kwenye sponji ya kuoshea vyombo. Juu yake weka karatasi za bluu mbili zilizokatwa tofauti, moja ya maji kujaa na nyingine ya kupwa, ubadilishe kila baada ya zamu kadhaa. Mchezo utakuwa wa polepole, hilo nakubali, na kwenye picha hautang'aa kama ule wa rangi za kununua. Lakini mchezaji wa Severn atalazimika kuuliza saa ngapi maji yanajaa kabla hajauliza mizinga yake inafika wapi.