Mbio za Magari ya Farasi: Mchezo wa Roma Mikononi mwa Vijana Wetu



Katika miji yetu ya shaba, tangu Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi, kila mtaa una chumba chake cha michezo ya televisheni. Vijana hulipa fedha kidogo, hushika maneti mkononi, yaani kile chombo chenye vifungo, na kucheza mpaka jua linatua. Wengi hucheza mpira, wengine mbio, wengine vita. Wazazi, kwa jambo hili, wamegawanyika. Hawa husema: ni mambo ya watoto, waacheni. Wale husema: ni upotevu mtupu, mashine zote zivunjwe. Maneno yote mawili ni mepesi mno, kwa sababu wasemao hivi hawajakaa kutazama. Mchezo nao hutengenezwa na watu wenye akili na nia yao, kama kitabu au sinema. Basi sharti tuupime kama tunavyopima kitabu au sinema.

Leo twapima mmoja, kwa sababu umeunganisha mbio na vita pamoja, nao wadai kutuonyesha mambo ya kale. Jina lake ni Circus Maximus: Chariot Wars. Ulitengenezwa na kampuni ya Kodiak Interactive ya Marekani, ukatolewa mwaka 2002 kwa mashine za PlayStation 2 na Xbox. Si mchezo mpya, wala si mashuhuri kama ile ya mpira. Lakini una fundisho ndani yake, jema na baya, ambalo twaliona pia katika michezo mingi iliyofuata.

MCHEZO WENYEWE

Mchezaji hupewa gari la farasi la zamani za dola ya Roma. Ndani ya gari husimama watu wawili: mmoja ashika hatamu, mwenzake ashika silaha. Kazi yao ni kufika mbele ya wengine, na njiani kuwapiga wale walio karibu ili waanguke au wapungukiwe nguvu. Watu wawili waweza kucheza pamoja katika gari moja, huyu akiendesha na yule akipigana. Mashindano hayafanywi Roma tu, bali pia katika nchi nyingine za dola ile.

Haya basi, tuulize swali la kwanza: je, ndivyo ilivyokuwa?

ROMA YA KWELI

Circus Maximus kilikuwa kiwanja cha kweli, nacho chaonekana hata leo mjini Roma, bondeni kati ya vilima vya Palatino na Aventino. Urefu wake ulikuwa karibu mita 600. Watu waliokaa kutazama walihesabiwa na waandishi wa zamani kuwa 150,000 na zaidi. Magari 12 yaliweza kutoka kwa mara moja katika malango yao, yakazunguka mara 7. Kwa kawaida gari lilivutwa na farasi wanne, nalo lilikuwa jepesi sana. Mwendeshaji alikuwa peke yake. Alijifunga hatamu kiunoni, akachukua kisu kidogo mkononi. Kisu hicho hakikuwa cha kumchoma mwenzake: kilikuwa cha kukatia hatamu, kusudi akianguka asiburutwe na farasi mpaka kufa.

Tazama, basi, jinsi watengenezaji walivyochanganya mambo. Gari lenye watu wawili, mwendeshaji na mpiganaji, lilikuwako kweli, lakini halikuwa la mbio za Roma. Wamisri wa kale walikwenda vitani hivyo. Wenyeji wa Britania nao walipigana kwa magari hivyo, walipomkabili Julius Kaisari mwaka 55 kabla ya Kristo. Warumi wenyewe wakati ule hawakuwa tena na magari ya vita. Gari kwao lilikuwa la mbio na la sherehe. Watengenezaji wametwaa gari la vita la mataifa mengine, wakalitia katika kiwanja cha michezo cha Warumi.

Wazo hili hawakulianza wao. Wazee wengi wameiona sinema ya Ben-Hur ya mwaka 1959, ambamo Messala atia vyuma vikali katika magurudumu yake ili kuvunja magari ya wenzake. Lakini katika kitabu cha Lew Wallace, ambamo sinema ilitoka, kilichochapwa mwaka 1880, si Messala avunjaye gari. Ni Ben-Hur mwenyewe alivunjaye gurudumu la adui yake, kwa makusudi, ili kulipiza kisasi. Sinema imemwosha mikono mtu wake mwema, ikaweka uovu wote upande wa pili. Mchezo wa mwaka 2002 hauna hata haja ya kuosha mikono: kila mtu apiga, na apigaye vema ndiye mshindi.

KILE AMBACHO MCHEZO WAFICHA

Kosa la kuchanganya magari si kubwa. Mtunzi wa mchezo si mwalimu wa historia, naye ana ruhusa ya kubuni. Kosa kubwa ni kwamba mchezo umetuonyesha damu, lakini umetuficha gharama yake.

Wale waendeshaji walikuwa nani? Wengi wao walikuwa watumwa, au watu waliotoka utumwani. Tunamjua mmoja aitwaye Scorpus, aliyeshinda mara 2,048, akafa angali kijana, hajafika miaka 30. Tunamjua na mwingine, Diocles, mtu wa Lusitania, aliyeshindana mara 4,257 na kushinda mara 1,462, akaacha kazi akiwa na umri wa miaka 42, tajiri sana. Jina la Diocles lilichorwa katika jiwe kwa sababu mtu kama yeye alikuwa adimu. Wale waliokufa penye kona, chini ya magurudumu, hawakuchorewa jiwe.

Hapa Kolwezi jambo hili halihitaji maelezo mengi. Tunawajua krezeri wachache waliopata mshipa mzuri wa madini na kujenga nyumba ya matofali. Habari zao zaenea upesi, na vijana huacha shule kuwafuata. Walio wengi, shimo limewapa maumivu ya mgongo tu, na wengine halikuwarudisha. Kijana akimtazama Diocles tu, awe wa Roma au wa Kasulo, amesoma nusu ya habari.

Tena kuna jambo la karibu zaidi. Kobalti inayotoka katika ardhi yetu hutiwa katika betri za simu na za vyombo vingi ambavyo vijana wa dunia nzima huchezea. Mwaka 2014 watu wa Kasulo walianza kuchimba hata chini ya vyumba vyao vya kulala ili kuipata. Kiwanja kile cha kale kilisimama juu ya mabega ya watumwa wasioonekana. Raha ya leo nayo ina mabega yake. Mchezaji wa Ulaya hawezi kuyaona. Sisi tumeyaona, na hatuna ruhusa ya kujifanya hatujui.

UPANDE WA WATAZAMAJI

Waendeshaji wa Roma waligawanyika katika vyama vinne vya rangi: wekundu, weupe, wa kijani na wa samawati. Watazamaji walizipenda rangi zao kuliko ndugu zao. Mwaka 532 mjini Konstantinopoli ugomvi wa vyama hivi uligeuka kuwa maasi, mji ukachomwa, na watu walioandikwa kuwa wamekufa ni kama 30,000.

Wala si mbali na Afrika. Huko Karthago na Hadrumeto, katika nchi iitwayo leo Tunisia, wachimbuaji wamepata vibati vya risasi vilivyozikwa makaburini. Juu yake yameandikwa majina ya farasi na waendeshaji, na maneno ya kuwaita pepo wawafunge miguu, wawapindue, wawavunje. Mtu wa kwetu asomaye habari hii hacheki, kwa kuwa amekwisha kusikia maneno kama hayo nyuma ya goli, siku ya Mazembe na Lupopo. Rangi zimebadilika, zimekuwa nyeusi na nyeupe, bluu na manjano; moyo wa mtu ni ule ule.

Tertuliano wa Karthago, karibu na mwaka 200, aliandika kitabu kizima juu ya michezo hii. Hakusema ya kwamba farasi ni mbaya. Farasi ameumbwa na Mungu. Alilaumu ule wazimu wa watazamaji, wanaomtukana mtu asiyewakosea na kumpenda mtu wasiyemjua. Agostino naye asimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyekokotwa na wenzake kwenda kutazama watu wakiuana. Alipio alifumba macho kwa nguvu. Lakini masikio hakuyaziba: aliposikia kelele kuu aliyafumbua, na tangu saa ile akatekwa. Wazazi wakumbuke hayo. Mwana asiyekatazwa ila kwa kufumbwa macho, atayafumbua siku moja; afadhali afundishwe kutazama.

KILICHO CHEMA

Tusiwe wadhalimu kwa mchezo huu. Lile gari la watu wawili, ingawa si la Roma, ndilo jambo lake zuri kuliko yote. Mwendeshaji hawezi kushinda ikiwa mwenzake amezubaa. Mpiganaji naye hawezi kitu ikiwa gari limekwenda kombo. Kijana hujifunza kumtegemea mwingine na kumwangalia. Michezo mingi humfanya mtu kuwa peke yake mbele ya kioo. Huu huweka wawili juu ya kiti kimoja. Hapo watengenezaji walipata wazo jema, na ni hasara kwamba walilitumia kwa kupiga tu. Mbona katika kisolo cha wazee wetu twashindana sana, twateka mbegu za mwenzetu bila huruma, na mwisho hakuna aliyeanguka?

KILICHO KIBAYA

Mchezo huu wafundisha kwamba aliye kando yako njiani ni kitu cha kuondolewa. Mjini Kolwezi fundisho hili lina hatari yake. Wazee wanakumbuka Mei 1978, jinsi silaha zilivyoonekana katika mitaa hii, na mamia ya watu waliokufa katika siku chache. Na leo vijana wetu wengi huendesha pikipiki kwa kutafuta chakula, katikati ya malori ya madini yaendayo Likasi. Mle barabarani mwenzako si adui wa kupitwa kwa nguvu. Mle hakuna kifungo cha kuanza tena.

Basi hukumu yetu ni hii. Mchezo wa Circus Maximus una wazo moja zuri, na historia yake ni nusu. Mvulana mkubwa aweza kuucheza pamoja na rafiki, kwa saa moja na si kwa siku nzima, ikiwa yuko mtu wa kumwuliza baadaye: yule aliyeanguka alikuwa nani, na nani alimlipa? Mtoto mdogo asipewe, kwa kuwa bado hajui kuuliza.

Nawe kijana usomaye, ukishika hatamu zile za kioo, kumbuka kisu cha mwendeshaji wa kweli. Alikichukua ili ajiokoe asiburutwe. Wewe nawe uwe nacho: siku mchezo unapoanza kukuburuta, ukate hatamu, uinuke, uende nyumbani.