Shabiki, Mhakiki na Wimbo wa Dansi

Hakuna mtaa usiokuwa na shabiki wa muziki. Humpata chini ya mwembe, kwenye kibanda cha kinyozi, au barazani pa jirani mwenye redio. Ukimwuliza kwa nini anaupenda wimbo fulani, atakujibu kwamba huo ndio wimbo, na kwamba nyimbo za siku hizi hazina maneno. Ukiendelea kumwuliza, atakasirika. Mimi ni mmoja wa watu hao. Nimekasirika mara nyingi kwa ajili ya nyimbo, na mara nyingi sikuwa na hoja.

Katika makala haya nataka kutetea jambo moja. Ushabiki si aibu, wala si adui wa uhakiki. Shabiki ni mtu mwenye mapenzi ambaye bado hajaulizwa ushahidi. Uhakiki huanza pale anapokubali kuulizwa. Shule zetu hufundisha uhakiki wa riwaya, tamthilia na mashairi, lakini zimewaacha wanafunzi waendelee na wimbo kama walivyoukuta mtaani: kuupenda au kuuchukia, basi. Wakati huo huo, wimbo ndio sanaa ambayo mwanafunzi huyo anakutana nayo kila siku.

Tuanze na ushabiki wenyewe. Kwa miaka mingi wapenzi wa dansi wa Dar es Salaam waligawanyika makundi mawili, kama wanavyogawanyika wapenzi wa kandanda kwa Simba na Yanga. Wengine walikuwa wa Msondo, yaani bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa baadaye JUWATA, kisha OTTU. Wengine walikuwa wa Sikinde, yaani Mlimani Park Orchestra iliyoanzishwa mwaka 1978. Watu wa Msondo waliapa kwamba Sikinde haina sauti. Watu wa Sikinde waliapa vivyo hivyo juu ya Msondo.

Sasa tumtazame Muhiddin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014. Mwimbaji huyu alikuwa NUTA Jazz tangu mwanzo wake. Mwaka 1978 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mlimani Park. Baadaye alikwenda Safari Sound, na hatimaye akarudi Msondo. Hassani Bitchuka naye alihamahama vivyo hivyo. Basi, sauti ile ile iliyotukanwa mwaka huu ilisifiwa mwaka uliofuata, kwa kuwa imehama jukwaa. Shabiki hakuwa akihukumu sauti. Alikuwa akihukumu jezi. Hili ni kosa la kwanza ambalo mhakiki hana budi kulikwepa. Ahukumu wimbo ulio mbele yake, si bendi wala umri wa wimbo.

Kosa la pili ni la wasomi zaidi kuliko la mtaani. Mwalimu anapotaka kufundisha wimbo, aghalabu huandika maneno yake ubaoni, huwauliza wanafunzi ujumbe ni nini, halafu hufuta ubao. Sisemi kwamba maneno ni kitu kidogo. Tazama jinsi watunzi wetu wanavyozitumia methali. Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe ilikuwa na wimbo uitwao Jogoo la Shamba. Mlimani Park ilikuwa na wimbo uitwao Mtoto Akililia Wembe. Majina yote mawili ni nusu ya methali. Mtunzi husema nusu, na msikilizaji huimalizia mwenyewe moyoni, hata kabla gitaa halijalia. Msikilizaji amekwisha kuingizwa katika utunzi, na hawezi tena kudai kwamba yeye ni mgeni wa jambo linalosemwa. Hiyo ni mbinu ya fasihi, na inastahili kufundishwa.

Lakini wimbo wa dansi si maandishi. Una umbo lake, na umbo hilo lina maana. Wimbo wa kawaida wa dansi la Tanzania wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza huenda taratibu: waimbaji wawili au watatu husimulia kisa kwa beti, na vyombo huwapisha. Sehemu ya pili ni chemko. Mwendo hukazwa, gitaa la solo na lile la ridhimu hujibizana, saksafoni na tarumbeta hurudia kipande kile kile, na maneno hupungua mpaka yakabaki kiitikio. Wapo wanaosema kwamba sehemu ya kwanza ni ya kusikiliza na ya pili ni ya kuchezea tu. Mimi sikubali. Katika ngoma zetu nyingi mmoja huanzisha na umati hupokea. Beti za dansi ni sauti ya mtu mmoja mwenye shida yake, na chemko ni wakati ambapo ukumbi mzima unaipokea shida hiyo na kuibeba kwa miguu. Ukiondoa chemko, umemwacha yule mtu peke yake.

Na kwa kweli mara nyingi limeondolewa. Wakati huo Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi nyingi zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, na zilizotaka santuri zilikwenda Nairobi. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilichukua dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili, mwanzo upande mmoja na mwendelezo upande wa pili. Mwenye kuchoka kugeuza santuri alipata nusu ya kazi. Siku hizi hakuna santuri ya kugeuza, lakini watangazaji wengi huzima wimbo chemko linapoanza ili wasome matangazo. Kijana aliyeujua wimbo kwa njia hiyo atasema kwamba muziki wa zamani ni wa taratibu na wa kusinzia. Tusimlaumu, alipewa nusu.

Mimi nilikosea kwa upande wa pili. Utotoni niliupenda wimbo wa Mbaraka Mwinshehe uitwao Shida kwa ajili ya gitaa. Maneno niliyajua yote kwa moyo, nami niliyaimba huku nikicheza, bila kuyafikiri. Miaka mingi ilipita. Siku moja, nikiwa mtu mzima mwenye ada za watoto na deni dukani, niliusikia kwa jirani. Nilisimama njiani na mfuko wa unga mkononi mpaka ulipokwisha. Halikubadilika hata neno moja, wala uzi mmoja wa gitaa. Mbaraka mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979. Aliyebadilika ni mimi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kusema “naupenda” mara mbili kunaweza kuwa maoni mawili tofauti, na kwamba mhakiki mwaminifu hutaja ameusikiliza akiwa nani.

Msomaji ataniuliza: je, muziki huu ni utamaduni wa taifa, au ni wa kuazima? Swali ni la haki. Rais Julius Nyerere, alipolitangazia Bunge mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba vijana waliosoma walizijua dansi za kigeni kuliko ngoma za kwao. Na ni kweli kwamba dansi lililelewa na santuri za Kuba; bendi ya Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, ilijiita Cuban Marimba bila kuficha. Lakini sikiliza majina yaliyofuata. Sikinde ni jina lililotoka katika ngoma ya Wazaramo. Msondo ni ngoma ndefu ijulikanayo pwani. Jina peke yake si ushahidi. Kazi ya mhakiki ni kusikiliza kama ngoma imo katika tumba na katika kupokezana kwa sauti, au imebaki kwenye bango la mlangoni. Nami nasema imo.

Jambo la mwisho ni ujasiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Remmy Ongala, mzaliwa wa Kongo aliyekuja nchini mwaka 1978, aliimba Mambo kwa Soksi, akihimiza watu wajikinge na ukimwi. Radio Tanzania haikuupiga. Mashabiki waliusikia kumbini na wakaamua wenyewe kwamba unasema jambo la lazima. Wakati ule wapo waliouona wimbo huo kuwa matusi. Leo mafundisho hayo hutolewa waziwazi. Mara hiyo shabiki aliona mapema kuliko waliopewa kazi ya kuhukumu.

Kwa hiyo, mwalimu aliye na chombo cha kupigia muziki aupige wimbo mzima darasani kabla ya kugusa chaki. Awaulize wanafunzi mahali wimbo ulipobadilika mwendo, na kwa nini hapo. Na wanafunzi wakileta nyimbo za kizazi chao, azipokee kwa kipimo hicho hicho. Nyimbo za siku hizi huenda kweli hazina maneno. Lakini mwenye kusema hivyo na azisikilize mpaka mwisho, kisha atuonyeshe.