Ya Amerika, ya Japani, ya China: tunanunua gitaa ao jina?

Ndugu na dada wa chama, leo siandiki juu ya mihogo wala mbolea. Nataka kukosoa wazo moja ambalo limekwisha kula pesa ya korali yetu: kwamba uzuri wa gitaa ya besi unajulikana kwa inchi ilipotengenezwa. Kwa wapigaji wengi hapa Kalemie mambo iko wazi: Marekani juu, Japani ya pili, China chini kabisa.

Mwaka uliopita tulichanga dola 280. Mimi njo nilitumwa kununua, pamoja na papa mmoja mshauri wa korali. Muuzaji alituonyesha besi yenye jina kubwa la Marekani kwenye kichwa. Nilitaka kujaribu zingine, papa akanikata: "Mwanangu, ya Amerika njo ya Amerika. Unatafuta nini tena?" Nikanyamaza, kwani mkubwa alishasema. Kiangazi ilipofika, shingo ilipinda, kamba zikakaa juu sana, na ncha za barete, vile vyuma vidogo vya kwenye shingo, zikaanza kukwaruza vidole vya kijana wetu. Fundi alipoifungua hakukuta alama yoyote ya kiwanda. Lile jina lilikuwa la kubandika tu.

Sasa tuangalie hizo inchi zenyewe. Leo Fender alitoa besi yake ya umeme California mwaka 1951. Leo kampuni yake inatengeneza Marekani, na pia Ensenada kule Mexico. Jina lake la bei nafuu, Squier, lilianza Japani mwaka 1982, likapitia Korea, sasa gitaa zake nyingi zinatoka China na Indonesia. Yamaha na Ibanez ni majina ya Japani, lakini besi zao nyingi za wanaoanza zinatoka Indonesia. Mtu anajivunia "ya Japani", kumbe imetengenezwa na fundi wa Indonesia. Na haina ubaya! Miaka ya 1970 gitaa za Japani zenyewe zilidharauliwa kama kopi. Leo zile Squier za kwanza za Japani watu wanazitafuta kwa bei kali.

Hata mbao ina inchi yake. Warwick ni besi za Ujerumani, na kwa miaka mingi shingo zao zilitengenezwa kwa wenge, mti wa misitu yetu ya Kongo. Basi hiyo tuiite ya wapi?

Sisemi gitaa zote ni sawa. Ya bei kubwa mara nyingi imesuguliwa vizuri zaidi na mikro zake ni safi. Lakini sehemu ya ile bei ni mshahara wa mfanyakazi wa Marekani, haiko sauti. Kinachofanya besi ivumilie ni mbao kavu na kazi ya mikono. Sisi wa kilimo tunajua: mahindi ukiyaweka ghalani na maji mengi ndani, yanaoza. Mbao nayo, isipokaushwa vizuri kiwandani, itamalizia kukauka mikononi mwako. Na huku kwetu, kutoka mvua ya ziwani kwenda kiangazi, inacheza sana.

Kwa hiyo mukienda kununua, jina muliache kwanza. Angalieni shingo kwa jicho moja, kama vile unaangalia ubao wa seremala. Pitisheni kidole pembeni ya barete. Pigeni kila kamba kwenye kila barete. Ikilia kama nyuki, ulizeni kama ile chuma ya ndani ya shingo inazunguka. Kisha linganisheni kamba ikiwa wazi na barete ya 12: inapaswa kuwa sauti ileile, juu zaidi. Mwisho, chomekeni kwenye ampli na muzungushe vifungo vyote. Ni dakika kumi tu.

Yule papa simulaumu peke yake. Mimi nina lisansi, nilifundishwa kupima kabla ya kusema, na siku ile nilinyamaza. Dola 280 zilikuwa sadaka za wamama wanaouza ndagala. Mara ijayo nitamwambia kwa heshima: "Papa, tuipige kwanza."