Kuiua Ruta Iliyo Nzima

Meneja akiambiwa kwamba fundi wa mtandao atakuja Jumamosi kuzima, kwa makusudi, ruta inayofanya kazi bila tatizo, huuliza swali moja: kwa nini uguse kisichougua? Fundi mzuri habishani, humwonyesha risiti. Ofisi imelipia ruta mbili na laini mbili za intaneti, na ruta ya pili imekaa kabatini tangu ilipofungwa, ikila umeme na kuwasha taa za kijani. Hakuna aliyewahi kuiona ikibeba mzigo.

Mpango wenyewe ni mwepesi kuueleza. Kompyuta zote za ofisi huelekezwa kwenye lango moja, tuseme 192.168.1.1, lakini kwa kawaida anwani hiyo si mali ya ruta yoyote kati ya hizo mbili. Huvaliwa na ile iliyo zamu. Iliyo zamu hutoa tangazo kila sekunde kwamba ipo, na ya akiba husikiliza, kama walinzi wawili wa usiku wanaoitana kwa filimbi kutoka pande mbili za ua. Filimbi ikikosekana mara tatu, wa pili anashika lindo. Cisco ilikuwa na utaratibu wake, HSRP, ulioelezwa hadharani Machi 1998 katika hati ya RFC 2281. Mwezi uliofuata ikaja VRRP, katika RFC 2338, ya kutumiwa na watengenezaji wote. Watu wa OpenBSD, mfumo huria wa uendeshaji, ambao hawakuridhishwa na habari ya hataza za Cisco, wakatoa ya kwao, CARP, mwaka 2004.

Ndani ya VRRP kuna hesabu ndogo ninayoipenda kuliko mengine yote. Ruta ya akiba husubiri muda wa matangazo matatu, kisha huongeza kipande cha sekunde kinachotokana na kipaumbele chake: chukua 256, toa kipaumbele, gawanya kwa 256. Yenye kipaumbele cha 100 husubiri sekunde 3.609, yenye 200 husubiri 3.219. Kwa hiyo zikiwa ruta tatu na kiongozi akafa, yenye haki zaidi hunena kwanza, na nyingine ikiisikia hunyamaza. Hakuna kura wala mabishano.

Hesabu hiyo ndiyo inayomtofautisha fundi na mwanafunzi siku ya majaribio. Upande wa ofisi kuna kompyuta inayotuma ping, yaani pakiti ndogo za kuomba jibu, tano kila sekunde kwenda anwani ya nje, na dirisha la pili linanasa pakiti za itifaki namba 112, ambayo ndiyo VRRP. Mwanafunzi huingia kwenye ruta kuu kwa nenosiri lake na kuiamuru izime. Ping tatu zinapotea, nyingine zinaendelea kama kawaida.

“Fundi, imepita!”

“Umeiaga, mwanangu. Hujaiua.”

Maana ruta inayozimwa kwa adabu hutuma tangazo la mwisho lenye kipaumbele sifuri, yaani inajiuzulu rasmi. Ya akiba ikilipokea haisubiri tena zile sekunde tatu. Hungoja kile kipande kidogo tu na kushika. Matokeo ni mazuri, ila ni ya kifo ambacho hakitokei. Umeme hauagi. Fundi hunyoosha mkono nyuma ya kabati na kung'oa waya, na sasa zinapotea ping kati ya 13 na 18. Haiwi namba moja siku zote, kwa sababu inategemea ruta imekufa mara tu baada ya kutangaza au sekunde karibu nzima baadaye. Ndiyo maana hurudia, akiandika kila mara saa, alichokata, na ping zilizopotea. Anayeng'oa mara moja na kuandika “imefaulu” bado hajapima kitu.

Hata hivyo kung'oa waya wa umeme ni kazi ambayo hata mlinzi wa geti angeweza kuifanya. Ustadi uko kwenye vifo nusu. Ruta kuu inakatika kebo ya nje, ile ya kwenda kwa mtoa huduma, lakini upande wa ofisi iko nzima: inaendelea kutangaza kila sekunde kwamba ipo, ya akiba inaamini, na pakiti za ofisi nzima zinaingia shimoni. VRRP peke yake haijui lolote kuhusu upande wa nje. Lazima ruta ifundishwe kutazama kebo hiyo na kujishusha kipaumbele inapokatika.

Fundi hung'oa kebo hiyo, anaona inafanya kazi, kisha anafanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: anairudisha, anaacha taa ikiwaka, na kukata huduma mbele zaidi, baada ya kifaa cha mtoa huduma. Kebo iko sawa, taa ni ya kijani, intaneti hakuna. Hapa kutazama kebo hakusaidii. Ruta inabidi iulize anwani za mbali kama zinajibu. Anwani ngapi? Ukiweka moja, siku anwani hiyo ikigoma kujibu kwa sababu zake yenyewe, ruta yako itajiuzulu bure. Fundi huweka kadhaa, na kutaka zishindwe zote, tena mara kadhaa mfululizo, kabla ya uamuzi. Kila tahadhari ya namna hiyo inakula sekunde, na kuchagua ni sekunde ngapi za kupoteza ili kuepuka ghasia ngapi ni jambo ambalo sijaona kitabu kikimwamulia mtu.

Kuna kingine kibaya zaidi. Ruta zote mbili zi hai, laini zote mbili zi hai, ila matangazo kati yao hayafiki, labda kwa sababu mtu ameongeza kanuni ya faiwoli iliyozuia itifaki 112. Ya akiba inaona kimya, inashika lango. Kuu nayo haijaliachia. Sasa zote mbili zinadai anwani ileile na MAC ileile, yaani namba ya kifaa ambayo swichi huifuata, inayoanza na 00-00-5E-00-01, na swichi inaiona ikihama kutoka tundu moja hadi jingine bila kutulia. Fundi huitengeneza hali hii kwa mkono wake, kwa kanuni hiyo hiyo ya faiwoli, ili aone kama mfumo wa tahadhari utapiga kelele. Mara nyingi haupigi, maana mfumo huo huuliza tu kama ruta zote mbili ziko hai, na jibu ni ndiyo.

Ping zikirudi, kazi haijaisha. Ping haina kumbukumbu, simu inayo. Ruta ya lango huweka daftari la kila muunganisho ulio wazi, kompyuta ipi inaongea na seva ipi, na ruta ya akiba isiponakili daftari hilo kila wakati, itapokea mzigo bila kujua ni wa nani. Kwa hiyo wakati waya unang'olewa kuna mtu anayeongea kwa simu ya intaneti na faili kubwa linalopakuliwa. OpenBSD ina pfsync kwa kazi hiyo, Linux ina conntrackd. Simu hukwama kidogo na kuendelea, kama ruta zote mbili hutoka nje kwa anwani moja. Zikiwa na anwani mbili tofauti za nje, simu itakatika tu, na ni heri meneja aambiwe hivyo mapema.

Marejeo nayo huleta hasara, na wengi wanayasahau. Katika VRRP, ruta yenye kipaumbele kikubwa ikifufuka hudai zamu yake mara moja, isipoambiwa vingine. Inaweza kudai kabla haijamaliza kujifunza njia za nje, na ofisi ikapoteza dakika nzima kwa sababu ya kupona. Fundi huipa subira ya dakika kadhaa, kisha anapima kurudi kwa uangalifu uleule aliopimia kufa.

Baada ya hapo anafuata kile ambacho mkono haufiki. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Seacom ilikuwa tayari imejeruhiwa Bahari ya Shamu mwezi Februari. Ofisi yenye ruta mbili na watoa huduma wawili ingeweza kukwama vilevile, kama wote wawili walipita humo. Fundi huomba ramani kwa kila mtoa huduma: nguzo zipi, mtaro upi, mkongo upi. Asipopewa, huendesha traceroute kupitia laini ya kwanza, kisha ya pili, na kuzilinganisha mstari kwa mstari mpaka aone njia hizo mbili zinakutana wapi.