Kisa ni Amana

Katika nyumba nyingi za pwani, ikisha swala ya Isha, watu huketi kutazama tamthilia za Kituruki, nyingine zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Ni wachache wajuao kwamba baadhi ya tamthilia hizo zimetolewa vitabuni. Na aliyekisoma kitabu kwanza mara nyingi huinuka kwa hasira akisema, "Hiki sicho!" Je, ana haki? Natuipime hoja yake kwa mfano mmoja.

Mwaka 1930 mwandishi wa Kituruki, Reşat Nuri Güntekin, alitoa riwaya yake Yaprak Dökümü, maana yake kupukutika kwa majani. Ndani yake yumo mzee Ali Rıza Bey, mtu mwadilifu, baba wa watoto watano. Anaacha kazi kwa sababu mkuu wake amemvunjia heshima binti mmoja aliyeingia kazini kwa udhamini wa mzee huyu. Kwa uadilifu huo riziki ya nyumba inapungua, na hapo ndipo mtihani unapoanza. Watoto wanataka mavazi mapya, karamu na wageni. Mwanawe Şevket anaoa mke asiyetosheka, Ferhunde. Anagusa fedha za benki na kutiwa gerezani. Binti yake Leyla anawekwa kinyumba na mume wa mtu. Baba anamfukuza, lakini mwisho, mzee na mgonjwa, anakwenda kuishi kwa binti huyo huyo.

Ndugu msomaji, tazama duara hilo. Aliyekimbia mshahara kwa ajili ya heshima ya binti wa watu, anamalizia umri wake akila jasho la aibu ya binti yake mwenyewe. Hapo ndipo penye uchungu wa kitabu, nacho hakina maneno mengi.

Kati ya mwaka 2006 na 2010 kisa hicho kilioneshwa katika televisheni ya Kanal D, misimu mitano. Kililetwa katika Istanbul ya zama zetu, na hilo si kosa. Tamaa haina karne. Kosa ni kwingine. Televisheni huishi kwa matangazo ya biashara, na kisa kinachokwisha ni hasara. Basi mapenzi ya Oğuz, mwanamume aliye baina ya dada wawili, Leyla na Necla, yakavutwa kama mpira: leo machozi, kesho siri mpya. Mtazamaji akaacha kumlilia baba, akawa anangojea nani atamnyang'anya nani. Lililokuwa onyo likageuka kivutio.

Hatusemi kwamba maovu yasisimuliwe. Sura ya Yusuf ina aya 111, na mtihani wa mke wa bwana wake umo humo waziwazi. Lakini umesimuliwa kwa aya chache, kisha tunapelekwa kwenye gereza, subira, ungamo na msamaha. Kipimo ndicho kinachotofautisha mawaidha na upelelezi wa aibu za watu.

Atasema mtu: kitabu kifupi hakiwezi kujaza miaka minne. Kweli, basi na atunge kisa chake, akipe jina lake. Anayechukua jina la kitabu amechukua amana, na amana hairudishwi nusu. Haki lakini isemwe: wako waliokijua kitabu kwa sababu ya tamthilia, na hiyo ni faida.

Kwa hiyo hasira ya msomaji si ubishi wa nani kavaa nini. Anadai alichowekewa. Nasi wazazi, taa ikizimwa, tuwaulize watoto wetu swali moja: katika kisa hiki, nani amelipa gharama ya dhambi? Wakikosa jibu, tujue kwamba majani yamepukutika na mti wenyewe haukuoneshwa.

Wallahu aalam.